Superman ya 1978: diski yangu imeandikwa dakika 137. Imekatwa?

binti_nyawera (Bukavu)

Jambo yenu wote. Naomba shauri, ila tafadhali tusirudie vita ya nani angempiga nani. Hiyo tuliimaliza hapa mpaka watu wakanuniana.

Parokiani kwetu tunaonyesha filamu Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Vifaa ni vya kuungaunga: projekta ya kuazima, shuka nyeupe, bafle mbili za kwaya, na jenereta ya jirani ambaye malipo yake ni mafuta yanayobaki kwenye tangi. Wanaokuja ni vijana wa sekondari, wadogo zao waliowafuata bila ruhusa, na mama kadhaa wanaosema wamekuja kuchunga watoto lakini ndio wanaowahi viti vya mbele. Safari hii kuchagua kumeniangukia mimi. Nilitaka filamu ya chanzo cha shujaa: alitoka wapi, nguvu alizipata vipi, na nini kilimfanya azitumie kwa ajili ya wengine wakati angeweza kujitajirisha. Wenzangu wakataja za juzi. Mimi nikasema Superman ya 1978, ile iliyoongozwa na Richard Donner. Kwanza hizo za juzi zimeikopa sana. Pili, niseme ukweli, ninayo. Mjomba wangu wa Brussels alinitumia DVD yake pamoja na viatu na vitamini za nyanya yangu.

Sasa, nyuma ya jalada kumeandikwa dakika 137. Nikisoma habari za filamu hiyo naambiwa 143. Wengine wanataja 151, wengine saa tatu na zaidi. Je, mjomba aliuziwa kitu kilichokatwa?

Halafu kuna filamu yenyewe. Nilimjaribishia mdogo wangu, na huyo ndiye mizani yangu maana hana adabu ya kujifanya amependa. Alitulia, hata simu hakushika, lakini baada ya nusu saa akauliza: "Huyo Superman anakuja leo au kesho?" Ni kweli. Inakaribia dakika ya hamsini ndipo Christopher Reeve anaonekana na joho lake jekundu. Na kuhusu mwisho, sitaki kuwaharibia ambao hawajaiona, lakini jamani ni ya 1978: anairudisha dunia nyuma ili Lois Lane, mwanamke anayempenda, asiwe amekufa. Mdogo wangu alicheka kwa sauti. Mimi sikucheka, ila sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo ni filamu nzuri kweli, au tunaiheshimu kwa umri wake? Na nikiamua kuionyesha, ni toleo gani?

kijana_birere (Goma)

Dada, utawalaza watu. Weka ya sasa yenye mapigano. Ile ukiangalia vizuri unaona kabisa mtu amening'inizwa. 1978 hata baba yangu alikuwa hajazaliwa.

Videoteki_ya_Zamani (Goma)

Kijana wa Birere, baba yako huenda alikodi kaseti kwangu na labda ana deni, kwa hiyo ngoja kidogo tuongee.

Binti, nianze na dakika maana hilo ndilo jepesi. Diski yako haijakatwa. Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde. DVD za Ulaya hufuata mfumo wa PAL, ambao ni picha 25 kwa sekunde. Hawaongezi picha yoyote, wanaikimbiza tu. Chukua 143, zidisha kwa 24, gawanya kwa 25, unapata 137 na masalio. Filamu ni ile ile nzima, ila kila mtu anatembea haraka kidogo na sauti zimepanda zaidi ya nusu ya nusu toni. Hakuna atakayegundua isipokuwa mpiga kinanda wa kwaya yenu; huyo mwambie mapema asije akawasumbua. Jalada lingesema ni toleo refu halafu likaandika 137, hapo ningeshtuka, kwa sababu lile la 151 likiwekwa kwenye PAL hushuka hadi 145 hivi.

Dakika 143 ndizo zilizoonekana sinema Desemba 1978. Mwaka 1982 televisheni ya ABC ya Marekani iliirusha kwa usiku mbili ikiwa imerudishiwa vipande vingi ambavyo Donner na mhariri wake Stuart Baird walikuwa wameviweka kando. Uamuzi huo haukuwa wa Donner. Watayarishaji, Alexander Salkind na mwanawe Ilya, walikuwa wameshamwondoa kwenye Superman II na kumleta Richard Lester. Toleo la dakika 188 lililotoka kwa Blu-ray mwaka 2017 linatokana na ukoo huo wa televisheni. La 151 ni la Donner mwenyewe, alilifanya na Michael Thau, likatoka kwa DVD mwaka 2001. Mwaka 2006 likaja boksi la diski nne lenye yote mawili, 143 na 151. Mtu akikuuzia boksi hilo kwa bei ya kibinadamu, usimwachie aondoke.

Lile la 188 nimeliona, maana mtu aliyekula kwa kaseti hawezi kujizuia. Usilionyeshe. Watu wanatoka mlango mmoja hadi mwingine na hakuna aliyewakata. Ukimaliza unaelewa mkasi ni wa nini. Kama masomo ni tamu. Kama filamu ya Jumamosi, jenereta yako itamaliza mafuta kabla dunia haijageuzwa.

Haya, filamu sasa. Mdogo wako ameuliza kitu ambacho mimi ndicho ninachopimia filamu zote za chanzo: inaweza kunichelewesha kiasi gani kabla ya vazi, na huo ucheleweshaji unanilipa nini? Nyingi za leo zina haraka. Mtu anapata nguvu, anagonga ukuta mara mbili tatu akijifunza kuruka, tunacheka, kisha vita mpaka mwisho. Donner anakuweka karibu dakika hamsini. Hazikupotea, ingawa thamani yake haiko sawa kote.

Krypton, sayari alikozaliwa, ni nyeupe na baridi. Nguo zinawaka hivyo kwa sababu zimeshonwa kwa kitambaa kile cha skrini za kurudisha mwanga. Marlon Brando alilipwa dola milioni 3.7, jina lake likatangulia yote, Reeve akawa wa tatu, na Brando mwenyewe haonekani hata dakika ishirini. Wengi wanaona sehemu hiyo ni hotuba tupu. Lakini mwambie mdogo wako aangalie tena kikao cha wazee. Mwanasayansi, yaani Brando, baba wa Superman, anawaambia sayari itapasuka. Wanamjibu kwa upole kwamba anatia watu hofu, kisha wanamfunga kwa ahadi: anyamaze, na asiondoke, yeye na mkewe. Niliionyesha hapa Goma baada ya Januari 2002, lava ikiwa imepita katikati ya mji na kaseti zangu nyingi zikiwa chini yake mpaka leo. Ukumbi ulikuwa wa vijana wa kupiga kelele. Kwenye kikao hicho walinyamaza, na mmoja nyuma akasema: "Toka tu, papa, usiwasikilize." Hapo sikuhitaji mtu wa kunieleza kama sehemu hiyo inafanya kazi.

Kisha Kansas, ambayo kwa kweli ni Alberta, Kanada. Mpiga picha Geoffrey Unsworth alifariki kabla filamu haijatoka, na imewekwa wakfu kwake. Angalia mashamba yale ya nafaka na mbingu ile pana, utajua kwa nini. Na hapa ndipo chanzo chenyewe kilipo, binti. Si kwenye roketi. Glenn Ford, baba mlezi, anaongea na kijana njiani, maneno machache, kwamba hakuletwa duniani kufunga magoli ya mpira. Wanaanza kukimbizana kuelekea nyumbani. Mzee anasimama, anashika mkono wake, anaanguka. Makaburini kijana anasema kwamba nguvu zote alizo nazo hazikuweza kumwokoa baba. Sijaona filamu ya mashujaa, ya zamani wala ya sasa, iliyosema jambo hilo kwa muda mfupi hivyo.

Jambo moja la pembeni. Kijana yule ni Jeff East, lakini sauti unayosikia kwa Kiingereza ni ya Reeve, imebandikwa juu yake. Kwa hiyo wale wanaodharau sauti ya Kifaransa wajue kwamba hata Wamarekani wenyewe walibandikiwa.

Metropolis, mji anakohamia, inageuka filamu nyingine kabisa, ya vichekesho na maneno ya haraka. Nikitaka kumpima Reeve sitazami anaporuka. Natazama nyumbani kwa Lois, dakika ile ya baada ya kuruka naye. Lois ameingia ndani, Clark, yaani Superman akiwa raia wa kawaida mwenye miwani, amebaki peke yake sebuleni. Anavua miwani, mgongo unanyooka, mabega yanapanuka, sauti inashuka. Yuko tayari kusema. Lois anarudi, na mtu mzima wa futi sita anajikunja tena mbele ya macho yako. Hapo hakuna waya wa kuuona, kijana wa Birere. Zamani kwenye kaseti sehemu za nyumba hiyo ziliharibika, kwa sababu picha pana ilikatwa kando ili ijae televisheni ya mraba. Pale kibarazani mara nyingi ulibaki na Lois akiongea na pua.

Luthor, adui wa Superman, anayechezwa na Gene Hackman, anachekesha lakini ametoka kwenye filamu ambayo si hii. Mpango wake wa kununua jangwa kisha kuiangusha California baharini kwa kombora ni wa watoto. Na mwisho, mdogo wako ana haki kamili ya kucheka. Makaburini walitufundisha kuna kitu nguvu haziwezi. Saa moja na nusu baadaye wanatuambia zinaweza, ukizunguka dunia kwa kasi. Mbaya zaidi, mwisho huo ulipangiwa filamu ya pili, wakauhamisha. Unaonekana umehamishwa.

Kwa hiyo ndiyo, ionyeshe, ya 143, yaani hiyo hiyo uliyo nayo. Na wewe kijana, kabla hujatuambia umeona waya, tuambie uliiona wapi.

kijana_birere (Goma)

Kwenye simu, papa. Ilitoka kwa fulashi ya rafiki. Na bado nasema ni ndefu.

Videoteki_ya_Zamani (Goma)

Ndefu ni maoni, nakuachia. Lakini waya kwenye simu hukuona. Uliona picha iliyobanwa mpaka kingo zote zikawa na vumbi. Kurusha kule kulipewa Oscar maalumu ya picha za hila. Mtu anayeitwa Zoran Perisic alifunga lenzi ya kamera na lenzi ya projekta zivute pamoja, hivyo mwigizaji ametulia mahali pake na wewe unaona anakusogelea. Kitu hicho kinataka ukubwa. Nenda Bukavu hiyo Jumamosi.

Kamalondo_83 (Lubumbashi)

Mzee wa Goma nakuheshimu, na kuhusu PAL umenisaidia, maana na mimi niliwahi kugombana na muuzaji wa diski bure. Lakini kwenye mwisho umemwonea Donner, na kwenye toleo umemwonea binti.

Hebu turudi. Kijana ana baba wawili. Wa kwanza, Jor-El, amemwachia sheria: usiguse historia ya wanadamu. Wa pili, Jonathan Kent, amemwambia upo hapa kwa sababu fulani. Lois anakufa, vumbi limejaa ndani ya gari. Anapaa akiwa na hasira, na huko juu anasikia sauti zote mbili. Kwanza ile ya kukataza. Halafu ya mzee wa shambani. Anachagua. Mtu aliyelelewa na mjomba au babu, na hapa kwetu ni wengi, hawezi kuuliza fizikia hapo. Anaona mtoto anavunja neno la baba aliyemzaa kwa ajili ya la baba aliyemlea. Mimi naona makaburi hayajafutwa. Makaburi ndiyo yaliyomsukuma: safari ya kwanza alishindwa, ya pili akakataa kushindwa. Kuzungusha dunia ni njia ya kijinga ya kuonyesha hilo, sawa. Ila sababu ipo.

Sasa ndiyo maana nasema 151. Kati ya vilivyorudishwa kuna mazungumzo ya Superman na Jor-El baada ya usiku wake wa kwanza wa kuokoa watu. Amefurahi, amelewa sifa. Baba anamwambia amejua kwamba ataifurahia, na anamwonya. Kisha anamweleza kwa nini lazima abaki pia Clark: wakijua ulipo watakuita mchana na usiku, hata kwa kazi wanazoweza kufanya wenyewe, na adui zako watajua wakuumize kupitia nani. Hapa Lubumbashi yeyote ambaye kwao kuna mtu mmoja aliyepata kazi mgodini anaielewa sehemu hiyo kuliko Metropolis nzima. Simu hazilali. Nilikuwa naangalia na shemeji yangu, ambaye ndiye huyo mmoja wa kwao, akasimamisha filamu na kwenda kuzima simu yake.

Bila kipande hicho Jor-El ni sauti ya mzee wa kukataza tu. Ukikiweka, pale juu mwisho kuna baba wawili kweli wa kuchagua kati yao, na uchaguzi unauma. Dakika nane zilizoongezwa si zote za lazima, yale majaribio ya risasi, moto na barafu kwenye njia ya kwenda kwa Luthor ningeyaacha. Lakini kwa mazungumzo yale peke yake ningebeba toleo hilo.

Na kuna treni. Kijana Clark anakimbia kando ya treni, msichana mdogo anamwona dirishani. Kwenye 143 ni msichana tu. Kwenye 151 tunajua ni Lois, na wazazi walio naye ni Kirk Alyn na Noel Neill, waliocheza Superman na Lois wenyewe kwenye mfululizo wa sinema wa 1948. Naomba mtu aniambie hilo ni la kukatwa.

Mwalimu_Bagira (Bukavu)

Dada wa Nyawera, mimi niko upande wa vitendo. Mama zetu hawafuati Kifaransa cha haraka, kwa hiyo utahitaji mtu wa kutafsiri kwa mikrofoni. Mimi hufanya kazi hiyo na nitakuja ukitaka. Sharti moja: nitanyamaza makaburini, na nitanyamaza miwani inapovuliwa. Watafsiri wetu wengi wanaogopa kimya, wanajaza utani, na hapo wanaiua filamu kuliko diski mbovu.

Majina ya mwanzo yanachukua dakika kadhaa, na vijana wataanza kupiga miluzi. Usiyaruke. Ongeza sauti, muache muziki wa John Williams uwashike. Bafle za kwaya zinatosha ila ziinuliwe juu ya meza, zikiwa sakafuni zinaunguruma tu. Na anza saa tisa alasiri ukiweza kufunika madirisha. Saa kumi na mbili wazazi wanataka watoto nyumbani, na mwenye jenereta anataka chakula.

Kuhusu ubishi wa hawa wawili: wanafunzi wangu waligawanyika vile vile. Wavulana walicheka dunia ilipogeuka. Msichana mmoja aliyefiwa na baba mwaka huo aliniambia ndiyo sehemu pekee aliyoipenda.

Videoteki_ya_Zamani (Goma)

Kamalondo, umeitetea vizuri kuliko filamu inavyojitetea, na hapo ndipo ninapokataa. Sababu ya baba wawili ipo, nimeisikia tangu zamani. Lakini kosa silioni kwenye kuchagua, naliona kwenye kulipa. Amevunja sheria kubwa aliyoachiwa na baba aliyekufa, na hakuna kilichomgharimu. Anashuka, Lois analalamika gari limeharibika, tunacheka, mwisho. Filamu ya chanzo inayomwacha shujaa bila deni imemwachia kazi anayefuata. Na anayefuata kweli alibeba: kwenye Superman II ya Donner iliyotolewa 2006 anaigeuza dunia tena. Mara ya pili hata wewe ulicheka, usinidanganye.

Treni nakupa. Treni ni nzuri.

Ila kwa Jumamosi ya binti nabaki na 143. Mtu anayeiona kwa mara ya kwanza anataka kumwona Superman akifanya kazi usiku ule: helikopta, mwizi anayepanda ghorofa, mashua, ndege iliyopigwa radi, paka wa mtoto mtini. Amesubiri saa nzima. Ukimrudisha mara moja kwenye barafu kusikiliza mawaidha ya Jor-El, umemnyang'anya sahani kabla hajashiba. Toleo la 151 ni la mtu aliyekwisha kuipenda, akae nyumbani na chai. Tena kuna jambo la sauti: walipotengeneza toleo hilo walichanganya sauti upya na kubadilisha baadhi ya milio, na wenye masikio marefu hawajawasamehe.

Kitu ambacho ningeonyesha kwa nyongeza, kama boksi lingekuwepo, ni majaribio ya Lois. Waigizaji kadhaa wa kike, Stockard Channing na Anne Archer wakiwemo, wanasema maneno yale yale kibarazani mbele ya Reeve. Kisha Margot Kidder. Waulize vijana wangemchagua nani kabla hujawaambia. Watabishana kuliko kuhusu kombora.

binti_nyawera (Bukavu)

Aksanti sana kwenu. Papa Videoteki, mjomba amefurahi kusikia hakuibiwa, ameniambia nikuite mhandisi. Nimeamua: ya 143, saa tisa, bafle juu ya meza, mwalimu kwenye mikrofoni, na makaburini kimya. Yaya wa Kamalondo, mazungumzo ya Jor-El nitawasimulia baada ya filamu, tuone watasema nini kuhusu simu.

Swali la mwisho. Mashine ya parokia si ile niliyotumia nyumbani. Kuna la kuogopa?

Videoteki_ya_Zamani (Goma)

Lipo. DVD zimegawiwa kanda. Ya mjomba bila shaka ni kanda ya 2, ya Ulaya magharibi. Kongo imo kanda ya 5. Mashine nyingi za bei rahisi zinazouzwa huku husoma zote bila kuuliza, lakini iliyoletwa na mmisionari kutoka nje inaweza kukataa katakata na kukuandikia kosa mbele ya watu wote. Blu-ray ni afadhali, Afrika na Ulaya ziko kanda moja, B. Za Marekani ni A. Diski za 4K hazina kanda kabisa.

Ijaribu wiki hii, si Jumamosi. Na usiishie kwenye menyu: iache icheze mpaka helikopta, kwa sababu diski yenye mkwaruzo husubiri sehemu nzuri. Chagua lugha mapema, zima maandishi, kisha futa diski kutoka katikati kwenda nje kwa kitambaa cha pamba. Si kwa kanga ya mama, ina chumvi.

kijana_birere (Goma)

Kuna boti ya usiku Ijumaa. Mwalimu, kiti kimoja nyuma.